Kamba ya Sita ya Mzee Nzabonimana Wenceslas (1957–2025)

Baba Padri, ndugu zetu wa Nzahaha, jirani wa Nyakabuye na Bugarama, na ninyi mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu ng'ambo ya mpaka, Mungu awalipe kwa kuja. Jina langu ni Antoinette. Mimi ni mdogo wa marehemu, wa mwisho kuzaliwa na sasa wa mwisho kubaki. Familia imenipa kazi hii kwa sababu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na wengi wenu mmeshaupata pale mpakani. Leo umekauka, mnivumilie. Wasifu huu uko kwenye programu mliyoshika, ukurasa wa pili na wa tatu. Nikitoka kwenye karatasi nitawaambia.

Mzee wetu Nzabonimana Wenceslas alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, mtaa wa Muhungu, Bukavu. Alikuwa kifungua mimba wa Sebagenzi Mathias na Nyiransabimana Dorothée. Wazazi wetu walikuwa watu wa Nyakabuye. Baba alivuka mpaka mwaka 1951 kutafuta kazi kwenye mashamba ya kinini, akaanza kwa kubandua maganda ya miti, akaishia kuwa mpishi wa Mzungu mwenye shamba. Tulizaliwa sita. Wawili waliondoka na surua hata hawajatembea, wengine wawili tumewazika kila mmoja kwa wakati wake, na Jumanne hii ameondoka aliyetutangulia wote kuja.

Siwezi kusoma maisha yake bila kusoma ya gitare yake, kwa hiyo niruhusuni. Mwezi wa saba mwaka 1960 yule Mzungu aliondoka mbio, akamwambia Baba achukue stoo chochote anachotaka. Baba alichukua kitanda, viti viwili, na gitare ya chuma. Mnaoijua mtanisamehe nikiieleza, kuna wageni. Si ya mbao. Mwili wote ni shaba iliyopakwa nikeli, na pale mkono unapoegemea nikeli imeisha, njano inaonekana. Tumboni haina tundu wazi kama gitare zingine. Ina kifuniko cha duara chenye matundu madogo madogo, na chini yake kuna kibakuli cha aluminiamu chembamba kama karatasi. Kamba zinakikandamiza kile kibakuli, nacho ndicho kinachotoa sauti. Padri mmoja aliwahi kusoma namba iliyo kichwani akasema ilitengenezwa Amerika karibu mwaka 1931. Sisi hatukuwa na habari ya Amerika. Kwa ajili ya kile kifuniko tuliiita Sahani, na Mama aliiweka kwenye kabati pamoja na vyombo.

Mwishoni mwa mwaka 1963 nilizaliwa mimi. Mama alinibembeleza kwa igihozo kimoja alichotoka nacho kwao Nyakabuye, wimbo wa kulalisha mtoto, wa polepole sana, wenye sauti sita tu. Yaya alikuwa anakwenda miaka saba. Wageni msishangae, kwetu Bukavu yaya ni kaka mkubwa, si mtumishi wa kulea. Basi Yaya alikaa chini na Sahani mapajani. Kamba zake alikuwa amezitoa kwenye waya wa breki za baiskeli ya Baba, na fimbo alizipata kwa ajili ya hizo breki. Kila Mama alipoimba sauti moja, yeye alizungusha kifunguo cha kamba moja mpaka ikasema kama Mama. Alifanya hivyo siku nyingi. Hakuwa na mwalimu, hakujua kwamba duniani kuna namna ambayo watu wote hufunga gitare. Alipomaliza kamba ya sita, igihozo kilikuwa kimeingia chote mle ndani. Tangu hapo, miaka sitini na moja, hakubadilisha. Kamba zilikatika, akaweka zingine, lakini kila alipoweka mpya aliivuta mpaka ikarudi kwenye sauti ya Mama.

Alianza shule ya msingi hapo Bukavu mwaka 1963, akaimaliza 1969. Mwaka 1970 aliingia shule ya ufundi, idara ya makanika, na walimu walimpenda kwa sababu ya mikono yake, maana kwa maneno hawakumsikia sana. Tarehe 12 Mei 1973 Baba alifariki. Yaya aliacha shule wiki iyo hiyo, akaingia garaji, akiwa na miaka kumi na sita. Hakurudi tena darasani. Mimi nilisoma mpaka nikamaliza, na kila mara niliposhika kalamu nyumbani alinyamazisha wengine. Sikuwahi kumshukuru kwa hilo, nilifikiri ndivyo kaka walivyo.

Mwaka 1978 rafiki yake Birindwa, ambaye yuko hapa mbele, alimpeleka kwenye okestra moja ya mtaa wa Kadutu. Birindwa aimbe, Yaya apige. Alidumu wiki tatu. Mkubwa wa okestra alimwambia aongeze, ajaze, asiache nafasi, watu wanataka kucheza. Yaya alirudisha shati la okestra likiwa limepigwa pasi. Tulipomuuliza alisema tu: "Bale bantu banaogopa kunyamaza."

Hapo ndipo mtaelewa alikuwa mtu gani. Sahani ukiigonga kamba moja, sauti inatoka kali kidogo, ya chuma, halafu inakaa hewani, inakonda polepole, na katika kukonda inakuwa tamu. Yaya aliipenda ile sehemu ya kukonda. Alipiga moja, akangoja. Akapiga nyingine, akangoja. Mara ya kwanza unamsikia unadhani amesahau wimbo. Nilimtania sana, nikamwambia kwamba kati ya sauti yake moja na nyingine mtu anaweza kuuza gunia la maharage. Alicheka. Aliniambia: "Hii chuma haipendake makelele. Ukiongeza ingine mbio, ya kwanza inakufa."

Ndiyo maana watu walimwita kwenye vilio. Gitare ya mbao bila umeme haifiki benchi ya pili, watu wakikohoa imepotea. Sahani ilifika mpaka kwa wanawake waliokaa nyuma karibu na jiko, na haikumpigia mtu kelele masikioni. Kuanzia 1979 nafikiri hakuna mtaa wa Bukavu ambao hakukalia kiti cha kilio, na baadaye huku Nzahaha na Bugarama ikawa hivyo hivyo. Hakuimba. Alikaa karibu na aliyefiwa, akapiga zile sauti chache, na mtu aliyekuwa ameshindwa kulia alilia. Aliwapigia wafu wenu wengi. Leo kiti chake kiko pale, hakuna wa kukikalia.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Patricie, binti wa watu wa Nzahaha waliokuwa wakiishi Bukavu kama sisi. Mungu aliwapa Cyusa mwaka 1986 na Mutoni mwaka 1990. Patricie alikuwa mwanamke wa kicheko. Msimu wa mvua Yaya aliogopa unyevu usile kile kibakuli, akawa anailaza Sahani kitandani upande wa ukuta. Patricie alituambia sote sokoni kwamba ameolewa ukewenza na chombo cha jikoni. Mwaka 1988, tarehe 3 Septemba, saa kumi na moja jioni, Mama yetu alifariki. Tangu mwaka uliofuata kila tarehe 3 Septemba, saa iyo hiyo, Yaya aliniita, akanipigia igihozo cha Mama. Siku zingine hakukipiga, wala hakumpigia mtu mwingine. Hata watoto wake walikwenda nje kucheza. Alisema ni cha mimi na yeye.

Mwezi wa nane mwaka 1995 familia yake ilirudi nyumbani Rwanda kwa daraja la Rusizi ya Pili. Mimi nilikuwa nimeolewa Bukavu, nikabaki. Nakumbuka siku ile kwa sababu niliwasindikiza. Ofisa alikuwa anaandika mizigo. Yaya alikuwa amekwenda kuteka maji ya watoto, na Patricie ndiye aliyekuwa anajibu. Magodoro mawili, ndoo, mashuka. Ofisa aligusa kile kifurushi cha blanketi akauliza ni nini. Patricie alijibu kwa mazoea, kama tulivyoiita nyumbani: "Ni sahani." Ofisa akaandika. Ile karatasi Yaya aliitunza mpaka kufa, ina muhuri na sahihi, inasema familia ya Nzabonimana imeingia nchini na sahani moja ya chuma. Patricie alipokuwa anamkasirisha, Yaya aliitoa akamsomea kwa sauti ya kiofisa, na hasira iliisha.

Alipata kazi mwaka 1996 kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko uwanda wa Bugarama, akaifanya miaka ishirini na mitatu, mpaka Juni 2019. Mliofanya naye kazi mko hapa. Ile mashine inapiga kelele mpaka meno yanatikisika. Alitoka pale jioni masikio yamejaa, akaoga vumbi la pumba, akakaa nje ya nyumba yake hapa Nzahaha, akapiga kamba moja. Patricie alisema kwamba alijua mume wake amefika nyumbani akisikia ile ya kwanza, si akisikia mlango. Patricie alifariki tarehe 21 Aprili 2017. Yaya hakupiga chochote mpaka tulipomaliza kilio, kisha akapiga mwaka mzima.

Sukari waliiona kwenye damu yake mwezi wa tatu mwaka 2012. Aliichukulia kwa upole kama alivyochukulia kila kitu, na mimi ndiye niliyegombana na chai yake. Kufika 2018 vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, havikuweza tena kubana kamba. Tulidhani ndiyo mwisho. Yeye alikata shingo ya chupa, akaisugua kwenye jiwe mpaka ikawa laini, akaivaa kidole kidogo, akawa anaitelezesha juu ya kamba. Sauti zilipungua zaidi. Zilikuwa nzuri zaidi pia, na mimi mtu wa kelele ndiye nasema. Mwaka 2021 walimkata kidole cha mguu. Mwaka huu figo zilianza kushindwa, na kuanzia Agosti tulikuwa tunakwenda hospitali na kurudi. Tarehe 4 Novemba 2025, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alitulia. Cyusa alimshika mkono mmoja na Mutoni mwingine. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, nikapigiwa simu hapo. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amesema Sahani ni ya Gracia, binti wa Cyusa, mwenye miaka kumi na tano, kwa sababu alisema huyu mtoto anajua kungoja.

Sasa kuna jambo lililotokea kwenye kilio, na familia ilikubali liandikwe.

Jumatano nilileta Sahani uani, nikaiegemeza kwenye kiti chake. Watoto waligusa kamba wakipita, na mimi nikaona aibu, maana ilikuwa inalia vibaya, au ndivyo nilivyosikia. Alikuwepo Niyonsaba, mpiga gitare wa kwaya ya parokia yetu, kijana mwenye adabu zake, aliyekuja kubeba viti kabla hata hajaombwa. Nilimwita. Nilimwambia kesho wanakuja wakubwa wa kanisa, aitengeneze isituaibishe. Aliipapasa, akashangaa. Akaniuliza mbona haina hata kordi moja ya sauti zinazopatana, mbona kamba zote zimelegea. Nikamwambia ndiyo maana nakupa. Akatoa simu yake yenye kipimo cha sauti, akazungusha vifunguo vyote sita, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu sana, robo saa nzima. Kisha akapiga wimbo wa kanisa, tukaimba wote, nikamletea soda.

Alhamisi Birindwa alifika kutoka Bukavu. Alikaa karibu na kile kiti, akafuta uso, akapitisha kidole gumba kwenye zile kamba, bila kupiga wimbo wowote, apate tu kusalimia. Akapitisha tena. Kisha akauliza polepole: "Nani aligusa hii?"

Nikasema tumeitengeneza. Birindwa aliweka mkono juu ya kamba kuzinyamazisha. Akasema: "Antoinette, ile ilikuwa sauti ya mama yenu."

Ile hadithi ya Mama na vifunguo mimi ndiye niliyeisimulia kwa watu miaka yote. Niliisimulia harusini kwa Mutoni. Na siku ya Jumatano sikuikumbuka hata kidogo, kwa sababu kichwani mwangu wimbo ulikuwa kwenye vidole vyake, na vidole vilikuwa vimekufa. Sikujua kwamba vidole havikuwa na kazi kubwa. Kitu cha mwisho alichotuachia na mkono wake kilikuwa ni zile kamba jinsi zilivyokaa, na mimi nikamwomba mtu akifute, nikampa na soda. Sauti ya Mama hatuna popote pengine. Alikufa hajawahi kuingia kwenye kaseti. Niyonsaba alianza kulia akiomba msamaha, na ninasema mbele ya wote kwamba hana kosa. Muntu mukubwa alimutuma, akatumika.

Tukaanza kutafuta. Gracia alikuwa na video kwenye simu, ya Pasaka iliyopita, sekunde arobaini, babu yake anapiga wimbo wa Pasaka uani, kuku wanapita. Tuliisikiliza mpaka betri ikaisha, tukaichomeka, tukaendelea. Birindwa alisikiliza, Niyonsaba alizungusha. Kwa njia hiyo, kufika jioni, kamba tano zilikuwa zimerudi. Cyusa alipozisikia alitoka nje ya ua. Ikabaki ya sita, ile nene kuliko zote. Kwenye video haipo, kwa sababu Yaya hakuigusa kwa wimbo mwingine wowote. Birindwa alisema: "Ile aliiwekea mwisho wa wimbo wa mama yenu. Ni wewe tu ulikuwa unaisikia, Antoinette."

Nikachukua Sahani mapajani. Nikazungusha kile kifunguo, nikapiga, nikazungusha kidogo tena, nikapiga. Nikasema ni hapa. Birindwa akasema kama ni mimi ninayesema, basi ni hapa. Niyonsaba aliweka simu karibu, akasoma zile sauti sita moja moja, akaziandika ili zisipotee tena. Ziko kwenye ukurasa wa mwisho wa programu yenu, mistari sita, kwa ajili ya Gracia na wote watakaotaka kujifunza.

Marehemu ameacha watoto wawili, Cyusa na mke wake Vanessa, na Mutoni na mume wake Mucyo. Ameacha wajukuu watano, Gracia akiwa mkubwa wao. Ameacha rafiki yake wa miaka zaidi ya hamsini, Birindwa, na ameacha wenzake wa mashine ya mpunga, jirani wa Nzahaha, na nyumba nyingi alizozisindikiza kwenye misiba. Ameacha dada mmoja, Antoinette.

Karatasi inaishia hapo. Hapa nimetoka kwenye karatasi, Baba Padri, niliwaahidi kusema.

Huyo dada mmoja alidanganya.

Mimi ile kamba siijui. Alhamisi watu wote waliniangalia, na Birindwa alikuwa na machozi, na Gracia alikuwa amekaa chini miguuni pangu kama vile nitampa chakula. Nikaona haya kusema sijui. Nikazungusha nikaacha mahali palipolia vizuri. Ningeweza kuacha popote.

Mtauliza inawezekanaje, na nilisema kila tarehe 3 Septemba alinipigia. Alinipigia, ndiyo. Igihozo kile alivyokipiga kilichukua nusu saa, na zaidi, kwa ile kungoja kwake. Miaka ya Bukavu nilikuwa na mtoto mgongoni, mtoto akilia natoka naye nje, na nikitoka sirudi, nakwenda sokoni. Miaka ya huku nilikuwa na mpaka. Alianza saa kumi na moja, saa ya Mama, na daraja linafungwa saa kumi na mbili. Nilikaa na mkoba mapajani. Ikifika katikati nilikuwa nimeshasimama, namgusa bega, namwambia nakimbia. Hakuwahi kukasirika. Nilikuwa nasikia anaendelea nikiwa barabarani, nasimamisha moto, pikipiki ya kunipeleka mpakani, na dereva akiwasha simsikii tena.

Mwaka huu, tarehe 3 Septemba, hakuweza kukaa vizuri, tulimwekea mito. Alipiga ya kwanza, ya pili. Nikaangalia saa. Akaona. Akasema: "Antoinette, leo ukae kidogo."

Nikamwambia: "Mwaka kesho, Yaya. Daraja."

Akasema: "Sawa. Daraja haingojake muntu." Akacheka, na mimi nikacheka, nikaondoka. Miaka thelathini na saba aliniita kusikia Mama yetu anavyomaliza, na sikukaa hata mara moja. Nilipokuwa mchanga sijui kama niliwahi kuufikia mwisho. Labda nilikuwa nimeshalala.

Ningenyamaza nalo, nawaambia ukweli. Nilipanga kunyamaza. Lakini jana programu zilipotoka kupigwa chapa, nilimkuta Gracia amekaa na Sahani, ule ukurasa wa mwisho mbele yake, anarudia mstari wa sita. Alikuwa anaipiga ile nene na kungoja, kama babu yake, anaisikiliza mpaka inaisha kabisa. Alikuwa anajifunza uongo wangu kwa moyo wote.

Gracia, mama, toa kalamu. Ukurasa wa mwisho, mstari wa sita, ukate. Ninyi wote mlio na programu, mkate. Usiandike kitu mahali pake. Mtu akikuuliza, mwambie tano ni za mama yake babu yako, na ya sita Tantine Antoinette hakukaa kuisikia.

Birindwa, nisamehe, nilikuliza bure. Niyonsaba, mwanangu, tukimaliza kuweka udongo utapiga kama tulivyopanga. Piga zile tano, pole pole, ungoje kama alivyongoja yeye. Ukifika mwisho, ile nene usiiguse.

Yaya, ni saa kumi sasa. Wenzangu wa Bukavu wameshaanza kuangalia saa, nawaona, na sina neno nao. Waende. Daraja litafungwa, lifungwe. Mimi nimeweka mkoba chini. Mungu akupokee, mwana wa Nyiransabimana, na Mama akuimbie wimbo wote.